Chakula na Huduma za Ufukweni kwa Anayesafiri kwa Boti ya Matanga: Niliyojifunza Nikitokea Dodoma

Watu wengi wa Dodoma wakisikia kwamba ninapika katika boti ya matanga huniuliza kwanza habari za mawimbi, kisha huniuliza kama ninajua kuogelea. Ni mara chache mtu akaniuliza tunakula nini, maji ya kunywa tunayapata wapi, na tukifika nchi kavu tunaoga kwa nani, ilhali hayo ndiyo yanayoijaza siku ya mpishi tangu alfajiri, na ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa ya raha au ya manung'uniko. Nimezaliwa Mpwapwa, ninaishi Dodoma mjini, na kila msimu hushuka pwani kufanya kazi katika boti ya mtu binafsi inayotembea kati ya Tanga, Pemba, Unguja, Dar es Salaam, Mafia na Kilwa. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa bara wanaoifikiria kazi hii, na kwa yeyote atakayejaliwa kusafiri kwa boti ndogo katika mwambao wetu, kwa sababu ninaamini kabisa kwamba mtu aliyekulia katika nchi ya ukame ana elimu ya chakula na maji inayohitajika baharini kila siku, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuihesabu kuwa elimu.

Jiko la boti ni dogo kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupishana. Friji hutegemea betri, betri hutegemea jua au injini, na barafu iliyonunuliwa asubuhi bandarini haifiki kesho yake ikiwa na umbo. Kwa hiyo mpishi huanza kwa kujiuliza ni chakula gani kitakachokaa bila ubaridi, na mimi jibu la swali hilo hulitafuta Soko la Majengo, hapa hapa Dodoma, kabla sijafikiria kitu chochote cha pwani. Hununua karanga, choroko, kunde, unga wa uwele na wa mtama, mafuta ya alizeti ya Singida, asali ya Manyoni, ukwaju, ubuyu, na mlenda mkavu uliokwisha kutwangwa. Mlenda huo ninauthamini kuliko vyote. Mama yangu huanika majani yake kivulini juu ya ungo, hageuzi macho mpaka yamekauka kiasi cha kuvunjika yakifikichwa, ndipo hutwanga na kuyafungia. Na kikombe kimoja cha unga wake, kikipikwa na karanga zilizosagwa, hutosha kuwa mboga ya watu wa boti nzima siku ambayo kabichi ya mwisho imekwisha na upepo hauturuhusu kufika bandarini. Wageni kutoka Ulaya walioonja mlenda kwa mara ya kwanza mezani kwangu wameniomba tena, na kwa mpishi hiyo ni furaha kubwa.

Hata hivyo, chakula kikavu cha bara kikishushwa pwani hukutana na adui ambaye Dodoma hatumjui sana, nao ni unyevu. Hewa ya bahari huingia kila mahali, chumvi hugeuka maji ndani ya kopo, na karanga zilizokuwa safi huanza kunuka uvundo. Sisi wa Kanda ya Kati tuna sababu nzito ya kulichukulia jambo hili kwa uangalifu: mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zisizokauka au zilizohifadhiwa vibaya, na ambayo haiondoki kwa kupikwa. Tangu wakati huo sifungi karanga wala unga katika chombo kabla ya kuhakikisha vimekauka barabara, ninaviweka katika ndoo ndogo zenye vifuniko vinavyobana badala ya ndoo moja kubwa, na kila ninayoifungua huitumia mpaka iishe kabla ya kugusa nyingine. Punje yenye rangi ya kijani au nyeusi huitupa bila kuihurumia, na ndoo ikinuka hutupwa yote.

Ubuyu nao una habari yake. Wilaya zetu zimejaa mibuyu, na watoto wanaumung'unya ubuyu njiani bila kufikiria kwamba una vitamini C nyingi, ambayo mabaharia wa zamani waliikosa katika safari za miezi mingi wakaugua kiseyeye, fizi zikavimba na meno yakalegea. Safari zetu za pwani ni fupi mno kufikia hatari hiyo, lakini matunda mabichi huisha haraka katika joto, na glasi ya maji ya ubuyu asubuhi hukubalika hata na mtu ambaye tumbo lake limevurugwa na mawimbi. Zabibu mbichi za Dodoma, ambazo tunavuna mara mbili kwa mwaka, sizishauri kwa safari ndefu kwa sababu huchubuka na kuchachuka upesi. Zilizokaushwa ni jambo jingine, na hizo hazikosekani katika kabati langu.

Mambo mengine ya kuhifadhi nitayapitia kwa haraka. Mayai yasioshwe mpaka siku ya kupikwa, yapakwe mafuta kidogo ya kupikia na kugeuzwa kila baada ya siku chache, nayo yatakaa wiki kadhaa bila friji. Viazi na vitunguu visilale pamoja, na ndizi mbivu zisikae karibu na matunda ambayo hutaki yaive. Maboksi ya karatasi yabaki gatini, kwani mende hutaga ndani ya mikunjo yake, na mende akishaingia katika boti ya mbao hakuna atakayemtoa. Mimi hubeba vikapu vya ukili, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, hata wauzaji sokoni wamezoea kumwona mteja akija na kikapu chake.

Kwa upande wa mboga mbichi, bandari ninayoipenda kuliko zote ni Tanga. Mboga za Lushoto hushuka huko zikiwa bado na ubaridi wa mlimani, kabichi zake zimefunga vizuri na karoti ni ngumu, na machungwa ya Muheza yanapatikana kwa wingi msimu wake ukifika. Unguja soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, lina viungo, samaki, ndizi na mikate ya ufuta ambayo sijaona mfano wake, lakini sehemu kubwa ya mboga za maeneo ya baridi, viazi na vitunguu huvushwa kutoka bara, hivyo bei yake huwa juu na uchovu wa safari huonekana. Ndiyo maana huwa ninamwomba nahodha tuanzie Tanga ikiwa upepo unaruhusu. Upepo ukikataa, mpishi hana neno. Kusi, upepo unaotoka kusini, ikivuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai, boti inaweza kukaa nyuma ya kisiwa ikingoja, na kwa sababu hiyo hupakia chakula cha siku nyingi kuliko zile zilizoandikwa katika mpango wa safari, hata mwenye boti akiona nimezidisha.

Sasa nije kwenye maji, ambayo kwangu ni muhimu kuliko chakula. Mtu anayefanya kazi juani baharini anahitaji lita tatu au nne za kunywa kwa siku, mbali na za kupikia, na tangi la boti ndogo halina muujiza. Mijini tunajaza kwa bomba au kwa madumu ya lita 20. Visiwani mara nyingi ni kisima, na kisima cha kisiwani kina tabia zake. Maji ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake, kwa kuwa ni mepesi zaidi, na tabaka hilo la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, linaweza kuwa jembamba sana karibu na ufuko. Ukichota kwa pupa, hasa kwa pampu, chumvi hupanda.

Jambo hilo nilielezwa vizuri na bibi mmoja katika kijiji cha pwani ya magharibi ya Pemba, ambako tulitia nanga tangi likiwa limekaribia kukauka. Nilimkuta kisimani akifua, nikamwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akaniuliza, "Mwanangu, wataka maji ya kunywa au ya kuoshea?" Nilipomwambia ni ya kunywa, akatikisa kichwa, akanielekeza kisima kingine kilichokuwa ndani zaidi, karibu na msikiti, na akanisisitizia niende maji ya bahari yakipwa, yaani yakiwa yametoka ufukweni. Nilikwenda nikiwa nimejitanda kanga, nikaomba ruhusa kwa mzee aliyekuwa barazani, kisha nikafanya kama tulivyofundishwa nyumbani. Watu wa Dodoma wanajua jinsi wanawake wanavyofukua mchanga wa mito iliyokauka ili kupata maji wakati wa kiangazi, na kila mmoja wetu amejifunza kuyapima: unaonja kwa ncha ya ulimi, unatulia, kisha unasugua sabuni kidogo katika kiganja. Yakitoa povu laini upesi, ni maji baridi. Povu likikatika na kubaki utando mweupe, yana chumvi au chokaa nyingi, na chai yake haitanyweka. Maji ya kisima cha msikitini yalitoa povu. Bibi na mzee wote wawili walikataa fedha, wakapokea karanga za kutoka kwetu, na jioni ileile mjukuu wa bibi alituletea vitumbua vya moto vilivyofunikwa kwa kawa.

Pamoja na hayo, kuonja na kusugua sabuni hakuoni vijidudu. Maji yote ya kisima tunayachemsha au tunayatia vidonge vya klorini kabla ya kunywa, hata yakiwa maangavu kiasi gani, na madumu ya maji ya kunywa nimeyafunga utepe wa rangi ili mtu asije akayachanganya na ya kuoshea vyombo.

Samaki ndiye chakula ambacho mtu wa bara hudhani kitajileta chenyewe. Hakijileti. Kinafuata mwezi na maji, na mpishi asiyejua mwezi uko wapi atafika diko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, likiwa tupu. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji huwa ya bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika eneo la Unguja hukaribia mita 4. Siku hizo bahari huwa imetoka kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, mwamba unaachwa wazi, na wanawake na vijana huingia kutafuta pweza. Ukitaka pweza mbichi, basi uwe ufukweni siku za bamvua kabla ya adhuhuri. Dagaa wanaovuliwa kwa taa hupatikana zaidi usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Siku za maji mafu, bahari isipokwenda mbali, ndizo ninazopika zaidi choroko na kunde zangu za Majengo.

Baadhi ya vijiji, kikiwemo Kisiwa Panza kule Pemba, hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hufungua siku iliyokubaliwa. Anayepita kwa boti akiambiwa mwamba umefungwa, anapaswa kuheshimu bila kubishana, kwani watu wa pale wamejinyima wakitazama mavuno ya mbele. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kuna kanuni za mahali pa kuvua na pa kutia nanga, na kiingilio cha kulipa. Mimi huwakumbusha wenye boti waulize ofisi ya hifadhi kwanza kabla hawajatupa hata mshipi.

Dikoni ninaangalia matamvua yawe mekundu, macho yawe maangavu na yasiwe yamezama, na nyama ikibonyezwa irudi. Lakini kuna jambo zaidi ambalo ningependa kila mpishi alijue. Samaki wa jamii ya jodari, pamoja na nguru na vibua, wakiachwa juani hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha wala kutia ndimu; aliyekula, uso humwiva, kichwa humgonga na mwili humwasha. Kwa hiyo jodari ninamnunua tu nikimwona akitoka chomboni, au akiwa amefukiwa barafu tangu kuvuliwa. Nisipoona hivyo ninachukua changu au tasi, au ninanunua kwa akina mama wanaokaanga papo hapo.

Akina mama hao ndio mlango wa chakula kizuri pwani nzima. Mtu akishuka kutoka kwenye boti akitafuta hoteli yenye kibao, katika vijiji vingi atarudi na njaa, kwani hakuna. Akimtafuta mama lishe akazungumza naye asubuhi, jioni atakula wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, chakula ambacho mimi katika jiko langu la boti siwezi kukifikia. Sharti ni kuagiza mapema na kumwachia fedha za manunuzi, kwa sababu anahitaji kununua mchele na nazi, kukuna, kuchuja tui na kumngoja mvuvi wake arudi. Mgeni anayefika saa moja usiku akitaka sahani saba mara moja humtia mwenyeji aibu isiyo yake. Ninapoagiza hutaja idadi ya watu, saa, na kama wapo wasiokula pilipili, kisha sibadilishi. Mwezi wa Ramadhani, hasa Unguja na Pemba, sehemu za kula hufungwa mchana na si adabu kula wala kunywa mbele za watu. Tunakula ndani ya boti, na tukishuka tunashuka baada ya magharibi, wakati ambapo mezani kuna muhogo wa nazi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, na mgeni hukaribishwa kwa moyo wote. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, hivyo manunuzi yawe yamemalizika kabla.

Kuhusu bafu, choo na mahali pa kuegesha, hali inatofautiana mno. Tanga kuna klabu ya boti Raskazone, na Dar es Salaam ipo ya Msasani. Huko mgeni huweza kuomba kutumia boya la kufungia boti, kuoga maji baridi na kula mezani, akifuata taratibu na kulipa. Hoteli ndogo za ufukweni nyingi hukubali watu wa boti waoge wakinunua chakula cha mchana, ila ni lazima kuulizana kwanza mapokezini na si kupitia moja kwa moja na taulo begani. Vijijini tunaanza kwa sheha, kiongozi wa eneo, tukiwa Zanzibar, na kwa mwenyekiti wa kijiji tukiwa bara. Tunajitambulisha, tunauliza mahali salama pa kuiacha boti ndogo ya mpira, na tunakubaliana na kijana mmoja ailinde kwa ujira unaojulikana. Mafuta ya dizeli hubebwa kwa madumu kutoka kituoni na huchujwa kwa kitambaa kabla ya kumiminwa. Taka zote zisizooza tunarudi nazo mjini, kwa kuwa kijiji cha kisiwani hakina gari la taka.

Gesi ya kupikia ninaitaja peke yake kwa ajili ya usalama. Mitungi ya boti zinazotoka nje mara nyingi ina koki tofauti na ya kwetu, kwa hiyo wengi hununua mtungi wa kilo 6 wa hapa nchini pamoja na kidhibiti chake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja huweza kutoka mlangoni, ila katika boti hushuka chini na kutuama tumboni mwa chombo, na cheche moja ya injini inatosha. Mtungi wetu hukaa nje, na ninafunga koki yake kila ninapomaliza kupika, hata kama nitawasha tena baada ya nusu saa.

Jambo linaloniuma, na ambalo ningependa halmashauri za pwani zilisikie, ni hali ya madiko yenyewe. Nimeshuka katika madiko mengi ambako samaki wa thamani kubwa wanauzwa kila siku, na hakuna bomba la maji safi wala choo hata kimoja. Sisi wa boti tunaweza kurudi chomboni. Mama aliyekaa na ndoo yake ya samaki tangu alfajiri akingoja mnada hana pa kurudi. Huenda vichakani au hujizuia mpaka jioni, na samaki wake huoshwa kwa maji yaleyale ya ufukweni ambako watu wengine wamejisaidia. Bomba moja, matundu machache ya choo yanayotunzwa kwa ushuru ambao tayari unakusanywa mnadani, na kivuli cha kuwekea barafu, vingewafaa akina mama hao kwanza, wavuvi pili, kisha na wapita njia kama sisi, ambao tungelipa kwa furaha kila tunaposhuka.